Sahani Imelala

Jina lake alikuwa nalo, na lilikuwa zuri, lakini tangu aanze kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hakuna aliyelitumia. Walimwita Mama Pasi. Kwa miaka ishirini na sita alinyoosha mashuka ya wagonjwa, makoti ya madaktari na mapazia ya wodi, amesimama palepale karibu na dirisha, mpaka saruji mbele ya meza yake ikalika kwa nyayo zake. Wapo waliodai kwamba jina halikutokana na kazi bali na hasira zake, maana mwanamke huyu aliwaka upesi na kupoa taratibu. Aliyesema hivyo alihakikisha kwanza kwamba mwenyewe hayupo karibu.

Alikaa ghorofa ya tatu, katika jengo la ngazi nyembamba, yeye na bintiye aliyeuza kwenye duka la dawa. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala, na kimoja kilikuwa cha mwanawe wa kwanza, aliyekwenda ng'ambo miaka kumi na moja iliyopita kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Alikwenda kwa mwaka mmoja tu. Mwaka ukawa miaka miwili, miwili ikawa minne, na kila ukiuliza anarudi lini unaambiwa kuna karatasi moja tu imebaki. Karatasi hiyo moja ilikuwa haiishi.

Mwaka wa nne baba yao akafa. Alianguka asubuhi akifunga kamba za viatu, na kufika mchana alikuwa amekwisha. Mama Pasi akampigia mwanawe. Mwana akalia kwenye simu, akalia kweli, kisha akasema hawezi kuja, kwa sababu akitoka kule hataruhusiwa kuingia tena. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Wazee wa ukoo walikuwa sebuleni wakisubiri jibu lake ili wapange siku ya kuzika, na mama wa watu, na uchungu wake na aibu yake, ulimi ukamponyoka.

“Kama huji kumzika baba yako, basi na mimi nihesabu nimekufa. Umezika wawili siku moja. Usinipigie tena.”

Tuseme ukweli, hakumaanisha. Mama yeyote aliyewahi kumwambia mtoto kwamba hataki kumwona tena mbele yake anajua maneno kama hayo yanataka nini. Yanataka mtoto apige simu mara ya pili, ya tatu, ya kumi, mpaka mama achoke kununa. Mama Pasi alikaa na simu mapajani wiki nzima. Haikulia. Alikuwa amesahau kitu kimoja kuhusu mtoto wake mwenyewe, kwamba tangu utoto alikuwa mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia asubiri hapo, jioni utamkuta hapo. Sasa aliambiwa asipige, hakupiga. Bintiye alipojaribu namba ile baada ya mwezi, haikupatikana tena.

Mama Pasi akashusha picha zote za mwanawe ukutani. Aliapa kwamba jina lake halitatajwa ndani ya nyumba ile, na halikutajwa. Lakini chuo kikuu cha hapo mjini kilipotangaza kwamba kinatafuta nyumba za kupokea wasomi wa kigeni, wakae wiki moja na wenyeji ili wajifunze utamaduni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni. Alisema anapenda wageni. Uongo mtupu. Hakuwapenda hata kidogo, walimaliza maji na kufungua madirisha yote. Alichotaka ni kumuuliza kila mmoja wao, kwa sauti ya mtu anayepiga soga tu, kama huko kwao wamewahi kukutana na kijana wa huku, mrefu, anayeandika kwa mkono wa kushoto. Wageni walicheka kwa adabu, wakasema kwao ni kukubwa. Miaka mitano, wageni watano, na swali lilelile.

Aliyesimamia wiki hiyo alikuwa afisa mmoja wa chuo ambaye hakuonekana bila faili kwapani, na wenyeji walimwita Bwana Faili. Kila mwaka alipita nyumba kwa nyumba kuwasihi waishi kama wanavyoishi siku zote, wasibadilishe chochote, kisha anakagua choo na kuuliza kama hawawezi kupaka rangi. Mama Pasi alimwambia kwamba kuishi kama siku zote na rangi mpya haviendi pamoja, achague kimoja. Bwana Faili akaandika kitu kwenye faili lake na kushuka ngazi.

Mgeni wa mwaka huu alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mrefu mpaka alijigonga kizingiti siku ya kwanza. Alikuwa anasomea udongo. Mama Pasi alijiuliza moyoni kama kwao hakuna udongo. Kilichomshangaza ni lugha. Wale watano wa nyuma, waliotoka vyuo vingine, walijua salamu na namba tu, huyu alizungumza sentensi nzima nzima, taratibu, kama mtu anayevuka mtaro kwa kukanyaga mawe. Alivua viatu kabla hajaambiwa. Alimwamkia mwenye nyumba kwa kuinama kidogo, akasubiri aitikiwe, ndipo akaketi. Bintiye alimkonyeza mama yake kwamba safari hii wamepata mtu.

Wakala wali na mchuzi. Mgeni alipomaliza aliweka kijiko pembeni, akaigeuza sahani kifudifudi juu ya meza, akaipapasa mgongo kwa kiganja na kusema, “Sahani imelala.”

Bintiye aliacha mkono hewani na tonge lake.

Hakuna nchi yoyote duniani inayofanya hivyo. Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile peke yake, na aliyeianzisha ni Mama Pasi, miaka ile mume wake alipoachishwa kazi na chakula kikawa cha kupimiana. Watoto walikuwa wakimaliza wanatazama sufuria, na yale macho yao hakuyaweza. Akawatungia mchezo. Anayemaliza anageuza sahani yake na kuilaza, na sahani ikishalala haiamshwi, mtu haombi tena. Watoto waliupenda mchezo ule bila kujua ni njaa. Mwanawe alikuwa bingwa, alilaza sahani yake kabla ya wote, na mara nyingine ilikuwa bado na chakula ambacho dada yake alikula baadaye.

“Nani amekufundisha hivyo?” Mama Pasi akauliza.

“Mwalimu wetu wa lugha na utamaduni,” mgeni akajibu. “Alisema huku kila nyumba hufanya hivi kumshukuru mpishi. Nimekosea?”

“Hukukosea.”

Mgeni akafurahi, na mtu akifurahi husema. Akawaeleza kwamba mwalimu huyo anatoka huku huku, ndiye aliyewaandaa wote waliokuja kutoka chuo chao, ambacho kimejiunga na mpango ule mwaka huu, na wanafunzi wanampenda sana. Somo lake la kwanza kila mwaka ni juu ya mama. Huwaambia kwamba ukiingia nyumba ya watu, usimwamkie mwenye cheo, mwamkie mama. Usimdakie maneno. Asipoketi, usiketi. Na huwapa mifano mingi ya mama yake mwenyewe, aliyekuwa mpiga pasi hodari. Kisha akateremsha sauti kwa heshima, maana hilo nalo alikuwa amefundishwa, akasema wazazi wa mwalimu walifariki miaka saba iliyopita, wote wawili siku moja. Anapofika hapo darasa zima hulia.

Bintiye aliinuka na sahani zake akaenda jikoni, wakasikia bomba limefunguliwa kwa nguvu. Mama Pasi hakuinuka. Aliomba kwa upole kama inawezekana kumwona mwalimu huyo hodari. Mgeni akatafuta kwenye simu yake, akamwonyesha picha ya darasa. Katikati yao alisimama mwanawe. Alikuwa amenenepa, nywele zimemtoka mbele, na kola ya shati lake ilikuwa na mkunjo ambao Mama Pasi asingeuruhusu utoke nje ya chumba chake cha kufulia. Aliutazama mkunjo ule muda mrefu kwa sababu uso hakuuweza.

“Anaonekana mtu mzuri,” akasema, akamrudishia simu.

Kesho yake asubuhi, mgeni akiwa bafuni, bintiye alimfuata mama yake jikoni. Alikuwa hajalala, macho mekundu. Alisema namba wanayo sasa, iko mezani, kwenye simu ya mgeni, ni kuiomba tu. Mama Pasi aliendelea kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Alisema yeye ndiye mama, na mtoto ndiye anayeanza kumwamkia mama yake, kama alivyo hodari wa kuwafundisha wengine. Kumfuata hamfuati. Mtoto huyo amemzika mama yake akiwa hai, amemlilia mbele ya watu, na pengine analipwa kwa machozi hayo.

“Wewe ndiye uliyemwambia umekufa,” bintiye akasema.

Kikombe kilibaki mkononi. Kwa miaka saba hakuna aliyethubutu kulisema hilo, hata wazee waliokuwa sebuleni siku ile na kusikia kila neno. Mama Pasi alikiweka kikombe chini. Akamwambia tu kwamba mgeni asiambiwe kitu, na kama akiambiwa, yeye hatamwita binti tena. Kisha akasikia alichokisema, akaogopa, akamshika bintiye mkono na kumwomba asisahau kuchukua mwavuli.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu na chungu kwa pamoja, lakini uchungu ndio uliozidi. Mgeni alikwenda naye kila mahali, kama wiki yenyewe ilivyotaka. Alikwenda naye sokoni, akambebea kapu. Alikwenda naye hospitalini, akajaribu kupiga pasi koti la daktari na kulichoma kwenye mfuko, na wanawake wa chumba cha kufulia wakacheka mpaka wakaegemea ukuta. Na kila mahali alimletea habari za mwalimu bila kuombwa. Mwalimu anapenda chai ya maziwa mengi. Mwalimu ana mke muuguzi. Mwalimu ana mabinti wawili, na yule mkubwa, wa miaka sita, amepewa jina la bibi yake marehemu.

“Jina gani?” Mama Pasi akauliza.

Mgeni akalitaja. Lilikuwa lile jina zuri lisilotumika, na alilitamka vizuri. Mama Pasi aliomba radhi, akaenda kwenye stoo ya mashuka, akajifungia akalia na shuka la wodi mdomoni ili wenzake wasisikie. Ana wajukuu. Mkubwa ana miaka sita, anaitwa kwa jina lake, na anaambiwa bibi yake yuko kaburini. Alipotoka alisema ni sabuni imemwingia machoni. Wanawake wa chumba cha kufulia walikubali, maana sabuni ilikuwa kazi yao wote na kila mmoja aliwahi kuisingizia.

Alhamisi ndipo moyo ulipomgeuka. Mgeni alikuwa amempiga picha akikoroga chungu, na kama kawaida yake akaituma kwa mwalimu ili amwone mama mwenyeji wake. Mwalimu yule, alisema, hujibu upesi na kwa maneno mengi. Safari hii alikaa nusu siku kimya, kisha akauliza swali moja tu. Mgeni aliona ni swali la ajabu, ndiyo maana alimsimulia.

“Ameuliza kama ngazi unazipanda mwenyewe.”

“Umemjibu nini?”

“Nimemwambia unapanda kuliko mimi.”

Mama Pasi alicheka, na hakucheka kwa adabu. Mgeni hakuwa amemwambia mwalimu habari za ngazi yoyote. Basi amemjua. Amelijua jiko, ameujua mkono, na kitu cha kwanza kilichomjia ni magoti ya mama yake. Huo ndio mwanzo aliokuwa akiungoja, ameuanzisha yeye mwana, sasa mama anaweza kuitikia bila kujishusha. Jioni ile alimwambia bintiye, na bintiye akamkumbatia pale pale kwenye korido, wawili hawa wasiokuwa na mazoea ya kukumbatiana.

Na nafasi ilikuwa tayari. Bwana Faili alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi, kwenye kufunga wiki, mwalimu wa wageni ataonekana kwenye skrini ya ukumbi kutoka huko aliko, awashukuru wenyeji mmoja mmoja. Mama Pasi alipiga pasi gauni lake la bluu mara mbili. Huku pasi ikienda na kurudi alijifunza maneno yake kwa sauti ndogo. Hakutaka kumwaibisha mtu. Atasema tu kwamba kuna wakati wazazi husema maneno kwa uchungu, na kwamba yake anayarudisha. Wengine wataona ni busara za mama mtu mzima. Mwenyewe ataelewa. Hakuomba arudi, hakuomba aeleze, alitaka yale maneno ya siku ya msiba yatoke kati yao kabla hajafa kweli.

Ukumbi ulijaa. Wenyeji saba walikaa mstari wa mbele, wageni nyuma yao, na bintiye akapata kiti mstari wa tatu. Skrini ikawaka, mwanawe akatokea, mkubwa kuliko alivyokuwa maishani. Nyuma yake walikuwa wameketi wanafunzi wachache na mzee mmoja mwenye mvi na tai, ambaye bila shaka alikuwa mkuu wake. Sauti ilikuwa ileile. Wa kwanza kuitwa alikuwa dereva mstaafu, na mwalimu akamtania kwamba amesikia anakoroma mpaka mgeni anadhani ni gari. Ukumbi ukacheka. Wa pili na wa tatu nao aliwatania. Mama Pasi akafikiri, huyu ni wangu, utani huu ni wa baba yake.

Bwana Faili akamwita. Alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alimwona mwanawe akimwona. Macho yalitua juu yake, kisha yakashuka kwenye karatasi iliyokuwa mezani.

“Shikamoo, mama,” mwalimu akasema, akiisoma karatasi. “Tunakushukuru kwa kumpokea mwanafunzi wetu. Natumaini hakukusumbua.”

“Marahaba. Hakunisumbua.”

Akangoja. Maneno yake alikuwa nayo mdomoni, yamenyooshwa, tayari. Alitaka macho tu. Ainue macho mara moja, na yeye atayatoa yote. Utani wa dereva haukuwepo, wala swali la ngazi. Mzee mwenye mvi alitazama saa yake.

“Ahsante sana,” mwalimu akasema. “Anayefuata, tafadhali.”

Mtu mwingine angeshuka. Angesema kijana amebanwa, mbele ya mkuu wake na wanafunzi aliowaliza kwa marehemu huyu, atoke vipi? Angesema tutapata namba, tutaongea faraghani. Bintiye alifikiri hivyo pale alipokaa, akimwomba moyoni mama yake ashuke, ashuke tu. Lakini hasira ileile iliyomfukuza mwana mara ya kwanza ilikwisha kumpanda kutoka miguuni. Amempokea mgeni wake, amemlisha, ameitikia shikamoo, na sasa anaambiwa anayefuata kama mgonjwa kwenye foleni. Bwana Faili alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Hakumpa.

“Mwalimu,” Mama Pasi akasema, “nina neno moja. Mgeni wangu ameniambia ulifiwa na mama yako. Sikuwa na habari. Pole sana kwa msiba.”

Hapo akainua macho. Yalikuwa ya mtoto yule yule anayeambiwa asubiri hapo, na Mama Pasi akajua papo hapo amekosea tena, amemwambia tena kwamba amekufa, kwa mdomo wake mwenyewe, mara ya pili. Midomo ya mwanawe ilisogea. Ilitosha aseme mama, peke yake, bila kitu kingine. Bintiye alikuwa amesimama. Mzee mwenye mvi aliinamisha kichwa kwa heshima ya marehemu.

“Ahsante, mama,” mwalimu akasema. “Nimeshapoa.”

Wageni wakapiga makofi. Walikuwa wamefundishwa kwamba huku watu hupeana pole hata kwa misiba ya miaka mingi, na sasa walikuwa wameona kwa macho yao.